Msitu Si Ardhi Iliyolala Bure



Wapo miongoni mwetu wasemao kuwa msitu wa hifadhi ni ardhi iliyolala bure, na ya kuwa ingalikuwa heri tugawiwe tupande mikarafuu. Neno hili lisipuuzwe, kwani lasemwa na watu wenye haja. Lakini na tulipime.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Wazee wetu waliufyeka kwa ajili ya karafuu, na tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu kikashika nafasi ya kwanza. Leo msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, uliohifadhiwa tangu mwaka 1959. Tukiumega, kila mtu atapata kijipande, na msitu wa asili ukishakwisha haupandwi ukarudi kama ulivyokuwa.

Watazameni popo wa Pemba, wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 1989 walikuwa wachache hata ikahofiwa watakwisha. Wanakijiji wa mahali kama Kidike wakawalinda, na baada ya mwaka 2000 wakahesabiwa zaidi ya 20,000. Popo hao hutawanya mbegu za miti msituni, na wageni hulipa kiingilio kuja kuwatazama. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, mwenyeji hatapona kwa kibao cha makatazo. Azuiwaye kukata kuni, au aliwaye mazao yake na wanyama, ana haki ya kuuliza fungu lake. Kule Jozani, Unguja, wakulima walilalamika kuwa kima punju wawaharibia mazao. Sehemu ya fedha za wageni ikatengwa kwa fidia na kwa maendeleo ya vijiji. Hiyo ndiyo njia.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwanza, kila mwanachama ajaze miche katika mapengo ya mikarafuu iliyokufa shambani mwake kabla ya kuelekeza shoka msituni. Pili, wanachama wa vijiji vinavyopakana na Ngezi wadai hesabu ya fedha za wageni isomwe hadharani, na watumie Sheria ya Misitu ya mwaka 1996, iruhusuyo wanakijiji kupatana na Serikali juu ya usimamizi wa misitu yao.

Msitu wenye faida kwa jirani hulindwa na jirani. Usio na faida kwake, hata askari mia hawatautosha.