Kabla Hujajaza Fomu za Kanada

Siku hizi swali hili naulizwa kliniki na hata nje ya kanisa: "Dada, baba watoto yuko Kanada, naye anataka tumfuate. Tuanzie wapi?" Nami huuliza kwanza: yeye mwenyewe aliingia kwa njia gani, na alipojaza fomu zake aliwataja nani?

Maana njia za kupata ukaazi wa kudumu nchini humo ni kadhaa. Wako wanaochaguliwa kwa elimu, kazi, umri na lugha. Tangu Januari 2015 wengi wao hupitia mpango wa alama uitwao Express Entry. Wako wakimbizi, na humo wamo ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi. Wako pia wanaodhaminiwa na mume, mke au mzazi aliyekwisha kutangulia. Masharti yanatofautiana, lakini liko moja ambalo limewaliza akina mama wengi. Anayeomba ukaazi anapaswa kuwataja mwenzi wake na watoto wake wote wanaomtegemea, hata wale ambao hawatasafiri naye, na hao wanaobaki nyumbani nao wapimwe afya. Asiyetajwa wala kupimwa, kanuni humtoa katika orodha ya jamaa wanaoweza kudhaminiwa baadaye.

Sasa mama, tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Sote twajua yuko mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake kijijini, na mume hajaambiwa. Fomu inapofika, mama anaona haya, anaandika watoto wawili badala ya watatu. Anajipa moyo kwamba akifika atamwita yule wa kwanza. Akifika, anaambiwa kwamba mtoto huyo hayumo katika karatasi zake. Hilo ni pigo kubwa, na anayeumia zaidi hakuwa na kosa lolote.

Wanaume nao wana la kwao. Wapo wanaojiandika kuwa hawana mke wakidhani kapera hupita upesi. Mke aliyeachwa nyumbani hajui kwamba siku ile mumewe alipotia sahihi, yeye alikwisha kufutwa. Mwaka 2019 serikali ya Kanada ilitoa nafuu kwa baadhi ya watu wa namna hii, hasa wale walioingia kama wakimbizi au waliodhaminiwa na jamaa. Lakini nafuu hiyo ilitolewa kwa muda tu na si kwa kila mtu. Tena anayegundulika kusema uongo katika maombi yake aweza kuzuiwa miaka mitano. Kwa hiyo mwambie mumeo habari za mtoto kabla karatasi haijamwambia. Maneno yatakuwepo ndani ya nyumba, najua. Ni afadhali hayo.

Mtoto anayehesabiwa kuwa tegemezi ni yule ambaye hajafikisha miaka 22 na hana mwenzi. Aliyezidi umri huo huingia tu kama alikuwa na ulemavu au ugonjwa unaomfanya ashindwe kujitegemea tangu kabla ya kuufikia. Basi usikawie na cheti chake cha kuzaliwa. Kwa Tanzania Bara cheti hicho hutoka RITA, na majina yake yalingane herufi kwa herufi na yale ya pasipoti. Kama baba yake mwingine yu hai na hasafiri nanyi, itatakiwa fomu yenye sahihi yake ya kuridhia mtoto aondoke. Hapo wengine hukwama kwa sababu ya ugomvi wa zamani. Tumeni mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili.

Kwa wanaodhaminiwa na waume, liko jambo la kuwatuliza. Kati ya Oktoba 2012 na Aprili 2017, baadhi ya wenzi walipewa ukaazi kwa sharti la kuishi na mdhamini miaka miwili. Sharti hilo liliondolewa. Mume akikupiga na kukutisha kwamba "nitakurudisha kwenu," ujue kwamba ukaazi ulioupata kwa haki, yeye hana uwezo wa kuufuta kwa sababu tu mmeachana.

Kuhusu vipimo, hapa ndipo kazini kwangu. Hupimwi na daktari yeyote, bali na wale walioteuliwa na Kanada. Kuanzia miaka 11 hupigwa picha ya kifua, na kuanzia miaka 15 hupimwa damu kwa kaswende na virusi vya UKIMWI. Nimeona akina mama wakikimbia kipimo hiki wakiamini kwamba jibu likiwa baya safari imekwisha. Si hivyo. Ni kweli mwombaji aweza kukataliwa kwa kuwa matibabu yake ni ya gharama kubwa mno, lakini kifungu hicho hakiwahusu mke, mume wala mtoto tegemezi anayedhaminiwa, wala mkimbizi. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza hutakiwa kutibiwa kwanza, kisha anaendelea. Mjamzito aseme mapema, maana picha ya kifua yaweza kungoja hadi ajifungue.

Na akishajifungua, jambo hili lisisahauliwe katika furaha ya uzazi: mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kupelekwa naye lazima atajwe, hata kama viza za wengine zimekwisha kutoka na tiketi zimenunuliwa. Waandikieni ofisi ya viza kabla ya kupanda ndege, hata ikibidi kuahirisha safari, mtoto apimwe na karatasi zake ziingizwe pamoja na zenu.