Wembe wa Kuazimana

Ndugu zangu, yapo mambo tunayoyafanya kwa mazoea mpaka tunasahau kuwa yanaua. Mojawapo ni wembe wa kuazimana. Hata katika nyumba za watu waliosoma utaukuta umechomekwa kwenye dirisha la bafu: baba ananyolea ndevu, kijana anachongea nywele, mama anakatia kucha za mtoto. Ukiuliza unajibiwa, "Sisi ni damu moja." Naam, na katika damu hiyo hiyo ndimo vinamopita virusi vya homa ya ini, aina ya B na C.

Tone usiloliona kwa macho linatosha. Virusi vya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, damu imekwisha kukauka nawe unaona wembe unang'aa. Na vinyozi wetu je? Anapuliza nywele kwenye mashine, anaipangusa kwa kitambaa alichoshinda nacho tangu asubuhi, kisha, "Karibu, kaka!" Kwa waganga ndiyo usiseme. Ukoo mzima unapangwa foleni, babu hadi mjukuu, wembe mmoja unachanja vifua vya wote, na dawa inasuguliwa papo hapo kwenye damu. Wanaondoka wakiamini wamekingwa. Msiba ulioje!

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye B hula, hucheka, huoa na kuzaa, kumbe ini laweza kuwa linajaa makovu mwaka hadi mwaka, hata saratani. Macho yakigeuka manjano ndipo tunasema karogwa. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Mwenye amana huikagua. Nendeni mkapime! Ni damu kidogo tu, na mwenza wako naye apime, kwani B hupita pia katika tendo la ndoa, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Akina mama nawapa heko. Wanawabeba watoto hadi kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tangu 2002 chanjo ya B imo katika ratiba ya watoto wa Tanzania. Kazi hiyo ni kubwa, maana mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki na virusi maisha yote, ilhali watu wazima wengi huvishinda. Lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, nani katuchanja? Sindano 3 ndani ya miezi 6, baba mzima anazikimbia! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

 

Hapa siwezi kuwanyamazia wauza chupa za "kusafisha ini" kwenye mabasi. Wanampiga abiria maneno matamu kuanzia stendi hadi njia panda, na mgonjwa anayetetemeka anatoa noti. Ndugu yangu, homa ya ini C inapona kwa vidonge vya hospitali, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 hupona kabisa. B nayo ina vidonge vya kuituliza. Hiyo noti uliyoitoa mfukoni, irudishe, ushuke kituo cha zahanati.