Risasi Mbili Katika Neno Moja: Kile Anachokichagua Mwindaji na Kile Anachokila Mtoto

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile iliyomo katika mtutu wa bunduki. Risasi pia ni yale madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, ambayo kwa karne nyingi ndiyo yaliyotumika kuitengeneza. Lugha imetunza ukweli ambao wawindaji wengi wameusahau: anayempiga mnyama kwa risasi ya kawaida huacha madini hayo ndani ya nyama. Kwa hiyo uchaguzi wa risasi ya kuwindia ni suala la afya ya jamii, na haufai kuachwa mikononi mwa mwindaji na muuza silaha peke yao.

Ni haki kuanza na lile ambalo wawindaji hulizingatia vema. Kaliba, yaani kipenyo cha risasi, si jambo la majivuno. Tanzania, kama nchi nyingine kadhaa za Afrika, imeweka .375, takribani milimita 9.5, kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Kaliba mashuhuri ya kiwango hicho, .375 Holland & Holland, ilitoka mwaka 1912. Kwa kawaida hurusha risasi ya gramu 19 hivi kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde, ikiwa na nguvu inayozidi jouli 5,000. Masharti hayo yana busara ya kitabibu ndani yake. Nyati aliyejeruhiwa kwa bunduki dhaifu hukimbilia kichakani na kusubiri. Anayekutana naye baadaye huenda akawa mwindaji mwenyewe, mbeba mizigo wake, au mama aliyekwenda kukata kuni.

Hata hivyo, kaliba hueleza unene wa risasi tu. Haielezi imeundwa kwa kitu gani. Kwa tembo na nyati hutumika mara nyingi risasi ngumu isiyopanuka, inayopenya misuli minene na mifupa. Kwa swala, nyumbu, pundamilia au pofu, mwindaji huchagua risasi ya ncha laini: ganda jembamba la shaba lililojazwa kiini cha madini ya risasi. Ikigonga mwili hupanuka kama uyoga, na hapo ndipo tatizo huanza. Kiini laini hukatikakatika, na risasi inaweza kupoteza robo ya uzito wake au zaidi, hasa iendapo kwa kasi kubwa na kugonga mfupa. Kipande kikubwa huonekana na kutupwa. Vipande vidogo, vingine vidogo kuliko chembe ya mchanga, husambaa katika nyama sentimita nyingi kutoka kwenye jeraha. Jicho halivioni, wala jino halivihisi.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kulungu 30 waliopigwa kwa risasi za kawaida walipelekwa kwa wachinjaji mbalimbali, kisha nyama ya kusaga iliyofungwa ikapigwa eksirei. Pakiti 32 katika kila 100 zilikuwa na vipande vya metali, na kulungu wanane kati ya kila kumi walitoa angalau pakiti moja ya namna hiyo. Nguruwe waliolishwa nyama yenye vipande hivyo walipanda kiwango cha madini ya risasi katika damu. Katika jimbo la North Dakota, watu 738 walipimwa mwaka 2008. Waliokula nyama ya porini walikuwa na kiwango cha juu kidogo kuliko wasioila.

Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Madini haya hujificha mifupani kwa miongo, na wakati wa ujauzito hutoka humo na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Dawa za kuyatoa mwilini zipo kwa sumu kali, lakini hazirudishi uwezo wa ubongo uliokwisha kupotea.

Watasema wengine kwamba wazee wamekula nyama hii maisha yao yote bila kudhurika. Sumu hii haiui kwa ghafla, na mtoto anayechelewa darasani haandikwi katika daftari la zahanati. Hoja ya bei ni nzito zaidi. Risasi zilizotengenezwa kwa shaba tupu hugharimu zaidi, na si kila duka la silaha linaziuza. Lakini hupanuka vizuri, hubaki na karibu uzito wake wote, na huua kwa uhakika zikichaguliwa kulingana na bunduki. Mwindaji wa wanyama wakubwa hutumia risasi chache kwa safari nzima. Gharama ya ziada ni ndogo ikilinganishwa na leseni na mafuta ya gari. Jimbo la California lilikamilisha katazo la risasi zenye madini haya katika uwindaji mwaka 2019, na Denmark ikafuata kwa risasi za bunduki kubwa mwaka 2024. Uwindaji haukufa kwa sababu hiyo California.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Nyama ya mnyama aliyewindwa na mgeni mara nyingi hugawiwa vijijini, na sasa mabucha ya nyamapori yameruhusiwa kisheria. Anayechagua risasi si yule anayekula. Ni sahihi basi kwamba leseni na mikataba ya uwindaji idai risasi ya shaba kwa kila mnyama ambaye nyama yake italiwa na watu.

Hadi hapo itakapokuwa hivyo, yapo yanayowezekana leo. Mchinjaji aondoe na kutupa nyama yote iliyovilia damu pamoja na eneo pana kuzunguka njia ya risasi, wala asiisage. Kuosha hakutoshi, kwa kuwa maji husambaza vipande. Mpishi asiiloweke nyama ya karibu na jeraha katika ndimu, siki au ukwaju, kwani uchachu huyeyusha madini hayo. Wajawazito na watoto wadogo wapewe nyama ya sehemu zilizo mbali na jeraha, au ya mnyama wa kufugwa. Wasinyimwe nyama, maana chuma kilichomo ndani yake wanakihitaji.

Na mhudumu wa afya katika wilaya zinazopakana na mapori, akikutana na upungufu wa damu usioelezeka, maumivu ya tumbo yanayorudi au mtoto anayechelewa kukua kiakili, aongeze swali moja: nyumbani mnakula nyama ya porini, na mnyama aliuawa kwa nini? Jibu linaweza kumwelekeza kwenye sumu ambayo neno lenyewe limekuwa likiitaja siku zote.