Tarakilishi Kuukuu Zisitupwe: Nionavyo Mimi

Mwaka huu naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona la mchezo mchezo, na kwa kweli lilianza kwa mchezo. Lakini ndani yake mna pesa za wazazi wetu, kwa hivyo msinicheke kabla sijafika huko.

Tangu muhula wa kwanza tunasikia kwamba tarakilishi za maabara yetu "zimeisha", na kwamba kila mzazi ataombwa mchango ili zinunuliwe mpya. Sababu tunayopewa ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama ilivyozoea, na kwamba tarakilishi zetu haziwezi kupokea Windows 11. Yote mawili ni kweli. Windows 11 inadai RAM isiyopungua GB 4, inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Zetu hazifiki hapo. Lakini kutoka hapo hadi kusema zimeisha kuna mto wa kuvuka, na mimi naona tunaambiwa tuuruke bila kuangalia kama kuna daraja.

Sasa sikilizeni kisa. Dada yangu aliye chuoni ana kipakatalishi aina ya ThinkPad X250. Binamu yangu anayeishi upande wa Embu, huko juu Manyatta, anacho kingine pacha wake. Vyote viwili vilitengenezwa mwaka 2015 au karibu na hapo, vikatumika katika ofisi za watu Uingereza, kisha vikaletwa Kenya kama mitumba inavyoletwa. Mjomba alivinunua siku moja, duka moja Nairobi, kwa pesa za bonasi ya majani chai. Prosesa ya vyote ni Core i5 ya kizazi cha 5, RAM ni GB 4, na diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka ndani. Tofauti ilikuwa moja tu: cha dada kiliendeshwa na Windows 10, na cha binamu na Linux Mint, aliyowekewa na jirani yao.

Kuanzia hapo hatukuwa na amani. Kila tulipoongea kwa simu binamu aliniringia. Eti mfumo wake ni mwepesi kama swara, eti wangu ni punda aliyebeba saruji. Nami nikamjibu kwamba kitu cha bure huwa na kasoro yake. Tukaapa kwamba likizo ya Disemba 2025 nitavuka kwenda Embu na tutapima mbele ya mashahidi.

Kipimo chetu kilikuwa mchezo wa vita uitwao 0 A.D. Kwa wasioujua: ni mchezo wa mikakati, hautaki mwenye vidole vyepesi tu. Unapewa watu wachache, unawatuma kukata miti, kulima, kuchimba mawe na chuma, unajenga mji, halafu unaunda jeshi kabla adui hajakufikia. Ni wa bure kabisa, umetengenezwa na watu wanaojitolea, na unapatikana kwa Windows, kwa Linux na kwa mashine za Apple. Wamo Waroma, Wasparta, Wakarthago, na wamo Wakushi, wale tuliosoma habari za mji wao Meroe katika Historia ya kidato cha pili. Mimi siku zote huchagua Wakushi. (Wapo wazee wanaopenda kutuunganisha Wameru na Meroe kwa sababu ya sauti tu. Sijui wakiambiwa Wameru wa Arusha watasemaje! Lakini nikiwa na tembo wa vita mbele yangu siwezi kukataa ukoo.) Na kabla hamjauliza: ndiyo, mimi ni msichana, na ndiyo, nilimshinda binamu.

Nilimshinda katika mchezo, lakini katika kipimo nilianguka vibaya. Tulichagua ramani moja, maadui watatu wanaoongozwa na tarakilishi yenyewe, na kila upande usizidi watu 150. Mchezo huo unaweza kukuonyesha pembeni ni picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Kwa binamu namba ilicheza kwenye 31. Kwangu ilikuwa 14. Wanajeshi wangu walitembea kama watu wanaovuka tope la Machi, hatua moja, kusimama, hatua nyingine. Kuwaka tu, kutoka kubonyeza swichi hadi kuweza kufungua kitu, changu kilichukua dakika nne kwa saa ya mjomba. Cha binamu hakikufika mbili. Jioni hiyo nilikula kimyakimya.

Usiku ndipo nikakumbuka: stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi! Binamu alikuwa amechomeka chaja yake kwenye betri ya sola ya mjomba, na mimi nilikuwa nikitumia betri ya ndani. Vipakatalishi vingi, vikiwa kwenye betri, hujipunguzia kasi ili vidumu, na cha dada kilikuwa kimewekwa hivyo. Kumbe tulikuwa tumempima mtu aliyeshiba na mtu aliyefunga. Kesho yake tukarudia, wote kwenye chaja. Nikapata 27, yeye 31 ileile. Bado alinipita, lakini hiyo si tena habari ya swara na punda.

Halafu tukaendelea kucheza hadi miji ikajaa na majeshi yote manne yakawa uwanjani. Hapo mashine zote mbili zilianguka chini ya picha 10, zikalingana. Nilimuuliza jirani yao sababu, akanieleza vizuri kuliko nitakavyoeleza. Kila askari anapotumwa mahali, mchezo lazima umtafutie njia ya kupita kati ya miti, kuta na wenzake. Askari mia tano, njia mia tano. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa huangukia kona moja ya prosesa badala ya kugawanywa, na hakuna mfumo endeshi unaoweza kuigeuza prosesa ya 2015 kuwa ya leo. Mfumo ni dereva, hauwezi kukupa injini nyingine.

Basi Linux ilinishinda wapi? Kwenye RAM. Ile Mint ya binamu ni ya sura nyepesi, ile ya Xfce, na ikikaa bila kazi haitumii hata GB 1. Windows 10 ya dada ilikuwa imeshachukua karibu nusu ya GB 4 kabla sijafungua chochote. Mchezo ukiingia, nafasi inakwisha, na tarakilishi inaanza kuazima nafasi kwenye diski. Ile diski inayozunguka ni polepole mno. Huko ndiko kulikotoka kule kusimamasimama.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nikiificha nitakuwa nimewauzia mbuzi kwenye gunia. Usiku wa siku ya pili, binamu akiwa amelala, nilichukua flashi yake nikaanza kujiwekea Mint mwenyewe. Kulikuja swali: niweke kando ya Windows, au nifute diski yote? Nilidhani kufuta ni kufuta Windows peke yake. Nikabonyeza. Dada alikuwa na ripoti yake ya mafunzo ya kazini humo ndani, kurasa arubaini na kitu, na alikuwa amejitumia kwa barua pepe sura mbili za kwanza tu. Nilipompigia simu hakunigombeza. Alinyamaza, kisha akasema, "Haya," akakata. Heri angenitukana. Aliandika upya zile sura nyingine Januari yote, usiku, baada ya kumsaidia mama kazi. Kwa hivyo mtu yeyote atakayewaambia kwamba Linux ni ya bure, mwambieni kuna msichana wa kidato cha tatu anayejua gharama yake. Nakala kwanza, kwenye flashi nyingine, na flashi hiyo iwe chumba kingine.

Siku ya tatu, mfumo ukiwa sasa ni ule ule kwa wote, namba zetu zililingana kabisa, na hilo angalau lilithibitisha kwamba mashine zenyewe hazikuwa zikitudanganya. Mjomba, ili kunisaidia kumtuliza dada, alinunua diski ya SSD ya GB 240, ile isiyo na kitu kinachozunguka, kwa takriban shilingi elfu tatu. Tuliirudishia Windows yake humo. Na hapa ndipo binamu alipoacha kuringa: Windows kwenye SSD iliwaka kwa chini ya nusu dakika, ikaipita Mint yake iliyo kwenye diski ya zamani. Katika mchezo namba ya picha haikupanda, lakini kule kusimamasimama kulipungua sana.

Ndiyo maana nasema ubishi wa mfumo gani ni bora, ubishi unaojaza saa yetu ya mapumziko, mara nyingi tunabishania dereva na hatujafungua boneti. Nimeuliza fundi mmoja hapa mjini Meru kuhusu tarakilishi za aina tulizo nazo shuleni. Zinaingia SSD zote, na RAM yake inaongezeka. Bei ya mashine moja mpya ingetosha kuzifufua kadhaa.

Linux nayo ina nafasi yake hapo. Windows 10 haikuzimika ile siku ya Oktoba, inawaka kama kawaida. Lakini kuiacha kwenye intaneti bila marekebisho ya usalama ni sawa na kulala na mlango wazi karibu na stendi. Linux Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo wapenzi wa Kiswahili hawahitaji kamusi: ubuntu ya Wazulu ni utu wetu sisi, na mtu wetu ni muntu wa Kimeru. (Hata hivyo si kila jina la huko linafaa nyumbani. Kuna programu ya kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux, ilianza 1993, inaitwa Wine. Mama, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani, alitusikia tukisema "weka Wine kwanza" na alikuja mbio kutoka jikoni.)

Najua jibu la walimu, na ni jibu zito. Mtihani wetu wa KCSE wa Somo la Kompyuta una karatasi ya vitendo na una mradi, na wengi wetu tumefundishwa hifadhidata kwa Microsoft Access, ambayo Linux haina. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu vizuri, lakini hifadhidata yake ni nyingine, na huwezi kumbadilishia mtahiniwa jembe siku ya kulima. Nakubali. Basi mashine za watahiniwa zibaki na Windows 10, ziwekewe SSD, zikatwe kwenye intaneti. Nyingine zote ziwekwe Mint. Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 tutaondoka 2027, na 8-4-4 itaondoka nasi. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 ndio watakaorithi maabara hiyo. Tutawaachia mashine zinazofanya kazi, ama deni la wazazi na rundo la vyuma nyuma ya stoo?

Mwalimu mmoja alipoona kichwa cha makala haya aliniuliza kwa nini nisipime kwa kuandika insha, nikaacha michezo ya vita. Kwa heshima zote, mwalimu, insha haiitoi tarakilishi jasho. Ukiandika "Siku Nitakayoisahau" unaweza kukaa mwaka mzima usijue kama mashine yako ni mgonjwa. Wakushi wangu waliniambia kwa dakika kumi. Naomba kitu kimoja tu kabla barua ya mchango haijatumwa nyumbani: tuchukue tarakilishi mbili za maabara, tuifanyie moja marekebisho, nyingine tuiache ilivyo, tuzipime Ijumaa moja baada ya masomo, na wazazi waalikwe kuona. SSD ya kwanza dada amekubali kuniazima. Ndiyo, tunaongea sasa.

Binamu naye bado hajatulia. Jana amenitumia ujumbe kwamba amepata RAM ya GB 8 na ananisubiri. Likizo ikifunguka tu napanda matatu ya Embu, na safari hii chaja nitaibeba mkononi.