STAA, STAA, STAA... KWANI STAA NI NANI?

Haya wadau wangu wa Chake, Wete, Mkoani na kwingineko, leo simtaji mtu jina, mwenyewe akisoma atajijua.

Kuna kijana wa hapa kisiwani alitoa klipu moja ya kuchekesha, ikasambaa mno. Wiki haijesha kila mtu anamwita staa, na yeye akaamini. Akaacha kazi yake ya ufundi, simu za wenzake hapokei. Klipu ya pili haikufika popote. Sasa akipita barazani watu wanamwita vilevile, "Staa! Staa!", ila safari hii wanamcheka. Neno lile lile limegeuka tusi.

Mie hili neno nikalifuatilia. Ni la Kiingereza cha zamani kabisa, miaka elfu na zaidi nyuma lilikuwa "steorra", nyota ya mbinguni basi. Kufika karne ya 19 wakaitwa hivyo waigizaji wakubwa wa jukwaani, halafu Hollywood wakalikuza. Leo ni mtu maarufu, ni daraja la hoteli, ni alama unayompa muuzaji wa mtandaoni.

Na sisi tuna nyota yetu. Mvuvi anaifuata usiku, mkulima ana kilimia chake cha kumjulisha mvua. Tena nyota ni bahati ya mtu, ndo maana tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Nyota unazaliwa nayo. Ustaa unapewa na watu, na hao hao ndo wanaokunyang'anya.

Mtazameni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akiitwa Mtumwa. Hilo la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye, watu walipoijua sauti yake. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kazi kwanza, jina nyuma.

Rai yangu ni hii: kijana akifanya kitu kizuri tumwambie "hongera, lete nyingine", inatosha. Tusimpandishe juu ya mnazi halafu tukae chini tunangojea aanguke.

Na mie simo nje. Wa kwanza kumwandika staa humu ndani nilikuwa mie. Mdogo wangu, nisamehe. Rudi kazini, na jioni ukipata nafasi rekodi nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri, wallahi.

Nyie mnasemaje? Tupeni maoni hapo chini, ila jina lake msilitaje.