Jina la Shamba Si Hati ya Shamba

Wahenga walituachia usemi kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tunaupenda usemi huo, na kila mwenye hoja ya kisiasa kuhusu wenyeji na wageni huukimbilia. Hata hivyo, hautuambii asili yenyewe hujulikanaje, wala ni nani aliyeiandika. Leo naomba tulitazame swali hilo kwa mfano wa mbali: Wanorwei waliohamia Marekani, na vitukuu vyao wanaoyatafuta mashamba ya mababu. Nimeuchagua kwa sababu ni miongoni mwa mifano michache ambamo nasaba ya mtu fukara inaweza kufuatwa hatua kwa hatua hadi kizingitini pa nyumba. Tena, kinachokutwa hapo kizingitini mara nyingi si kile mtafutaji alichokitarajia.

Mwezi Julai 1825 chombo kidogo cha matanga, Restauration, kiling'oa nanga Stavanger kikiwa na watu 52. Kilipofika New York mwezi Oktoba walikuwa 53, maana mtoto alizaliwa safarini. Katika miaka mia moja iliyofuata, Wanorwei wapatao 800,000 walivuka bahari kwenda Amerika ya Kaskazini. Ili kuuelewa uzito wa idadi hiyo, kumbuka kwamba sensa ya mwaka 1801 ilihesabu watu wapatao 883,000 katika nchi nzima. Kufikia mwaka 1900, pamoja na wote walioondoka, nchi ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.2. Ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu ya nchi. Iliyobaki ni milima, misitu na miamba. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka.

Juu ya uhaba huo kulikuwa na sheria ya urithi. Haki iitwayo odel, ambayo Katiba ya Norwei ya mwaka 1814 iliilinda, huliweka shamba mikononi mwa ukoo na kulikabidhi zima kwa mrithi mmoja. Kwa karne nyingi mrithi huyo alikuwa kwanza mwana wa kiume wa kifungua mimba. Ni sheria ya mwaka 1974 iliyowaweka mabinti katika safu moja na kaka zao. Shamba halikukatwa vipande, na kwa hiyo halikufa. Lakini wadogo zake mrithi walibaki na njia chache: kuoa au kuolewa penye shamba, kuwa watumishi, kulima kipande cha ardhi ya mwingine, au kupanda meli.

Hapa ndipo fumbo la majina linapoanza. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kusikia Juma bin Hamisi hatapata taabu kulielewa. Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen. Dada yake Kari aliitwa Kari Hansdatter. Baada ya hapo lilifuata jina la shamba walipokaa. Jina hilo halikuwa la ukoo, lilikuwa anwani. Ole akihama shamba, jina lake la tatu lilihama naye. Akioa binti mrithi na kwenda kukaa kwao, aliitwa kwa shamba la mkewe. Ni mwaka 1923 tu ambapo sheria iliwataka Wanorwei wawe na majina ya ukoo ya kudumu. Kabla ya hapo wahamiaji wengi walikwisha kufika Minnesota, Wisconsin na Dakota, ambako karani alitaka jina moja la mwisho. Kaka mmoja akabaki Hansen, mwingine akachukua jina la shamba, na watoto wao wakakua kama koo mbili. Makamu wa Rais wa Marekani Walter Mondale alibeba jina la namna hiyo: asili yake ni Mundal, kule Fjærland.

Basi mtafutaji huanzia alipo: Biblia ya familia, jiwe la kaburi, na daftari la usharika wa Kilutheri ulioanzishwa na wahamiaji wenyewe, ambamo mchungaji mara nyingi aliandika mahali mtu alipozaliwa. Akishapata tarehe na jina la usharika wa nyumbani, huvuka bahari kwa karatasi. Kuanzia mwaka 1867 polisi katika bandari kama Kristiania, ambayo leo ni Oslo, walikuwa na madaftari ya wahamiaji. Wachungaji waliandika ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko, na hata waliohama. Kipaimara kilikuwa cha lazima kisheria tangu mwaka 1736, kwa hiyo ni wachache waliokwepa kalamu ya mchungaji. Hata mtoto wa nje ya ndoa aliandikwa, na mara nyingi mwanamume aliyetajwa kuwa baba yake akaandikwa pia. Sensa za mwaka 1865 na 1875 huonyesha kila nyumba, kila mtu na kazi yake. Jina la shamba likishapatikana, kuna kazi kubwa ya Oluf Rygh kuhusu majina ya mashamba ya Norwei, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1897, na kuna namba za mashamba za daftari la ardhi la mwaka 1886. Namba hizo ni muhimu, maana Haugen, yaani kilimani, ni jina la mashamba mengi mno.

Ndipo linapokuja neno moja katika safu ya kazi. Mtafutaji amekuja na picha ya babu mwenye shamba, na jina la shamba hilo analo kwenye pasipoti yake. Daftari linasema: husmann. Husmann alikuwa mtu aliyeruhusiwa kujenga kibanda pembezoni mwa shamba la mwingine na kulima kipande kidogo, naye akalipa kwa siku za kazi. Aliitwa kwa jina la shamba kwa sababu ndiko alikokaa, kama alivyoitwa mtumishi wa zizini na kama alivyoitwa mwenyewe mwenye hati. Daftari liliwaunganisha kwa jina na kuwatenga kwa neno moja la kazi.

Hoja yangu ni hii: neno hilo moja lina thamani kuliko picha nzima ya shamba. Wengi wa walioondoka walikuwa watu ambao shamba halikuwa na nafasi yao. Mjukuu anayesimama leo langoni na kusema "hapa ndipo kwetu" anasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Hapo ndipo babu yake alipotolea jasho, na ndipo alipoambiwa kwa vitendo kwamba si pake. Kumkumbuka kama mwenye shamba ni kumheshimu mwenye shamba na kumsahau babu.

Nitaambiwa kwamba hili ni jambo la faragha: mtu na apewe furaha yake ya kupiga picha na nyumba ya magogo, inamdhuru nani? Ningekubali kama asili ingebaki kuwa kumbukumbu. Lakini asili ina tabia ya kugeuka dai. Anayeamini kwamba wahenga wake walikuwa wenye nchi tangu awali hupata wepesi wa kumwona mhamiaji wa leo kama mvamizi. Anayejua kwamba bibi yake aliondoka kwa sababu hakuwa na pa kulima, akafika ugenini bila lugha ya huko, ana angalau sababu ya kusita kabla ya kufunga mlango.

Kisha kuna ardhi waliyoifikia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimwezesha mhamiaji kupata ekari 160 kwa kuzikalia na kuzilima. Mwaka huohuo, Minnesota, vita vilizuka kati ya Wadakota na serikali, baada ya mikataba iliyokwisha kuwanyang'anya sehemu kubwa ya nchi yao. Familia za walowezi, wakiwamo Wanorwei, ziliuawa. Tarehe 26 Desemba Wadakota 38 walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaamuru watu wao wafukuzwe katika jimbo hilo. Aliyekosa shamba kwao alilipata kwa mwingine aliyekoseshwa. Mgala muue na haki umpe: taabu ya husmann haifuti dhuluma aliyofanyiwa Mdakota, wala dhuluma hiyo haifuti taabu ya husmann. Nasaba iliyo kamili huandika yote mawili katika ukurasa mmoja.

Na Norwei yenyewe si kila mtu aliyepata haki yake katika daftari. Wasami wa kaskazini waliingizwa kwa kalamu ya watu wa lugha nyingine, na majina yao na ya mahali pao mara nyingi yakavikwa sura ya Kinorwei. Mwaka 1902 kanuni za uuzaji wa ardhi ya serikali Finnmark ziliweka sharti la mnunuzi kujua na kutumia Kinorwei. Tume ya ukweli iliwasilisha ripoti yake mwaka 2023, na mwaka uliofuata Bunge likaomba radhi. Kwa hiyo tusiabudu daftari. Liliandikwa na mwenye mamlaka, kwa haja za mwenye mamlaka: kodi, jeshi na nidhamu ya kanisa.

Lakini mali bila daftari huisha bila habari, na watu nao ni vivyo hivyo. Jambo ninaloliheshimu katika habari hii ni kwamba nchi hiyo iliyatunza madaftari, ikayafungua. Sensa hubaki siri kwa miaka 100. Ile ya mwaka 1910 ilifunguliwa Desemba 2010, na ile ya mwaka 1920 Desemba 2020. Picha za kurasa za madaftari ya kanisa zinasomwa bure kwenye intaneti, katika tovuti ya hifadhi ya nyaraka iitwayo Digitalarkivet. Kitukuu cha husmann hahitaji kibali wala kufahamiana na mtu ili aijue kweli ya babu yake. Hiyo ni siasa, tena siasa njema.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nasema hivi: yule mchungaji aliyeandika "husmann" kwa mwandiko uliopinda hakujua ataulizwa na nani baada ya miaka 150. Aliandika tu alichokiona, mahali pake, kwa tarehe yake. Kwa wanafunzi na wanaharakati: mkisikia mtu akijigamba kwa asili, msibishane naye juu ya jina. Mwombeni aonyeshe ukurasa, kisha msome naye safu ya kazi.