Njooni Januari, Njooni na Mabuti

MEZA YA MLIGO
Na Esta Mligo

Nilimkuta kijana mmoja huko Yakobi, Njombe, kando ya kijito chini ya shamba lake la viazi, akipima sumu kwa kifuniko cha soda. Vifuniko vitatu kwenye bomba la lita 16, akakoroga kwa kijiti, akapanda mteremko kupulizia. Alipomaliza akarudi palepale kijitoni kusuuza bomba. Povu likateremka na maji. Hatua chache tu kwa chini, mama mmoja alikuwa akiosha mboga.

“Kamwene,” nikamsalimu. Nikauliza kwa nini asisuuzie juu shambani.

“Mama, maji yako huku,” akanijibu. “Na mvua hizi usipopulizia, hupati hata debe.”

Hapo hasemi uongo. Ukungu wa viazi hupenda baridi na unyevu, navyo Njombe havitupungukii. Kadiri mvua inavyozidi ndivyo tunavyopulizia zaidi, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoibeba sumu mpaka mtoni.

Sasa chota maji ya kijito hicho mwezi Septemba, barabara kavu, gari linafika bila shida. Upime tope na vijidudu vya kinyesi. Utaambiwa maji ni mazuri, na kwa Septemba huenda ni kweli. Lakini vipimo hivyo vya kawaida havioni sumu ya shambani. Hiyo inataka maabara kubwa na fedha nyingi. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani linahimiza ulinzi wa maji uanzie kwenye chanzo, usingoje chupa ya maabara. Kwa Yakobi maana yake ni kupanda na kijito kwa miguu: nani anapulizia wapi, mwezi gani, choo cha nani kiko juu ya chemchemi, na nani anakunywa chini yake. Kazi hiyo mwenyekiti wa kitongoji anaiweza kwa daftari na kalamu.

Wapo watakaonikumbusha mita 60 za kulinda ukingo wa mto katika Sheria ya Mazingira ya 2004. Naijua. Lakini katika mabonde yetu mita 60 mara nyingi ndiyo kinyungu chote, yaani bustani ya bondeni, nacho ndicho kinacholisha watu kiangazi. Simo katika wanaotaka vinyungu vifyekwe. Kusuuzia bomba mtoni, hata hivyo, hakumlishi mtu. Serikali ya kijiji iweke pipa la maji juu huko mashambani, na maji ya kusuuzia yapuliziwe kwenye viazi hivyohivyo. Ningeanza na hilo kabla ya jingine lolote.

Maji ya Njombe yanayoingia Mto Ruhudji hufika Kilombero, kisha Rufiji, mpaka Bwawa la Julius Nyerere. Kwa hiyo wenzetu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, nawaomba: mkija kuchota, njooni Januari, kesho yake baada ya mvua kubwa. Barabara itakuwa tope. Njooni na mabuti.